Kengeleni: Mateka, Waungwana na Lugha ya Nyumbani katika Mtaa wa Frere Town

Utangulizi

Msafiri anayevuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa hufikia, baada ya mwendo mfupi, njia panda iitwayo Kengeleni. Jina hilo halihitaji mfasiri: ni mahali penye kengele. Mtaa unaopazunguka una jina jingine, Frere Town, lililotokana na Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyefika pwani hii mwaka 1873 na kuondoka mwaka huo huo. Jina la pili lilitolewa na wageni waliotaka kumtukuza mkubwa wao. Jina la kwanza lilitolewa na watu waliokuwa wakiisikia kengele.

Majina haya mawili yanatupa njia nzuri ya kuingilia habari zetu. Historia ya mtaa huu imesimuliwa mara nyingi kwa upande wa jina la pili, yaani kwa upande wa mikataba, manowari na barua za wamisionari. Watu wenyewe waliokaa hapo hutokea katika simulizi hizo kama mzigo uliopakuliwa: walitekwa, wakaokolewa, wakaletwa, wakafundishwa. Kila kitenzi ni cha kutendwa. Makala haya yanajaribu kuitazama jamii hiyo ndogo kwa njia nyingine, nayo ni njia ya maneno: majina waliyoitwa watu hao, lugha waliyoifanya kuwa yao, na neno moja, uungwana, ambalo hapo awali halikuwahusu hata kidogo. Hoja yetu ni kwamba watu wa Frere Town walitenda jambo kubwa ambalo hawakutendewa na mtu. Walijifanyia lugha ya nyumbani. Jambo hilo lastahili kuhesabiwa katika historia ya Kiswahili, wala lisiachwe kuwa kiambatisho cha historia ya misheni.

Asili ya makazi

Misheni ya Church Missionary Society, ambayo hapa tutaiita CMS, ilianza Mombasa mwaka 1844 alipowasili Johann Ludwig Krapf. Mkewe na mtoto wao mchanga walifariki mwaka huo huo, wakazikwa ng'ambo ya kaskazini, si mbali na mahali tunapopazungumzia. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alijiunga naye, wakajenga kituo Rabai. Kwa karibu miaka thelathini kituo hicho kilibaki kidogo, na waumini wake walikuwa wachache mno.

Mabadiliko yaliletwa na bahari. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Biashara haikwisha siku hiyo, na manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi yaliyobeba watu. Swali likawa: waliokamatwa humo wapelekwe wapi? Hapo awali wengi walichukuliwa Aden, Bombay, Shelisheli na Morisi. Frere alishauri wapewe makazi katika pwani hii hii ya Afrika Mashariki. CMS ilimtuma William Salter Price, aliyekuwa amesimamia makazi ya namna hiyo huko Sharanpur, karibu na Nasik nchini India. Price aliwasili Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874, na mwaka 1875 shamba likanunuliwa Kisauni. Mwaka huo huo makundi ya kwanza ya watu kutoka majahazini yakaanza kuletwa.

Yafaa msomaji azingatie mahali penyewe. Frere Town ilitenganishwa na mji wa Mombasa kwa mkono mwembamba wa bahari tu. Matajiri wa mji huo waliishi kwa kazi ya watumwa, mashambani na nyumbani. Mkataba wa mwaka 1873 ulikataza kusafirisha na kuuza, haukukataza kumiliki. Hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1907. Kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini, basi, watu walioachwa huru waliishi mbele ya macho ya watu waliowamiliki wenzao. Mwaka 1880 chuki ilizidi hata watu wa mjini wakatishia kuvuka na kukishambulia kituo, kwa kuwa watumwa wao walikuwa wakikimbilia huko. Kengele iliwaita watu kusali na kwenda shule, na pia iliwatahadharisha pindi hatari ilipokaribia. Tukilitamka jina Kengeleni leo hatuna budi kukumbuka kwamba sauti hiyo ilikuwa pia sauti ya hofu.

Mateka, watoro na Waafrika wa Bombay

Wamisionari waliandika habari za watu wa Frere Town kana kwamba ni kundi moja. Maneno yaliyotumika mahali penyewe yaonyesha kwamba haikuwa hivyo.

Kundi la kwanza liliitwa mateka. Neno hili limetokana na kitenzi kuteka, nalo lataja jambo lililompata mtu bila kusema anatoka wapi wala ni mtoto wa nani. Mateka walikuwa watu waliotolewa majahazini. Wengi walitoka kusini: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Wengi wao walikuwa watoto.

Kundi la pili liliitwa watoro, kutokana na kutoroka. Hawa walikuwa watumwa wa pwani waliowakimbia mabwana zao na kujificha katika vituo vya misheni, hasa Rabai, au kujijengea vijiji vyao wenyewe, kama kile cha Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama. Kisheria mateka alikuwa huru, kwani manowari ilikwisha kumtoa mikononi mwa mfanyabiashara. Mtoro hakuwa huru, na bwana wake aliweza kumdai. Ndiyo maana misheni ilisitasita juu yao, ikiwapokea leo na kuahidi kuwarudisha kesho. Mwaka 1888 George Mackenzie, mwakilishi wa Imperial British East Africa Company, alikuta watoro wapatao 1,400 katika vituo vya misheni. Mabwana walilipwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro hao walipewa hati za uhuru huko Rabai. Tuone ajabu ya jambo hili: aliyelipwa ni aliyemiliki, na aliyefanya kazi miaka yote alipewa karatasi.

Kundi la tatu lilikuwa la Waafrika wa Bombay. Hawa nao walikuwa wamekombolewa baharini wakiwa wadogo, wakalelewa India na kusomeshwa Kiingereza pamoja na ufundi. William Jones, Ishmael Semler na George David walifika Mombasa mwaka 1864, miaka kumi kabla ya Price. Wao na wenzao waliofuata ndio waliokuwa walimu, mafundi, wakalimani na wahubiri. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa Jones na Semler daraja ya ushemasi. Mwaka huo huo Jones alifuatana na askofu katika safari ya kwenda Buganda. Hannington alipouawa Busoga, ni Jones aliyewarudisha pwani wapagazi waliosalia.

Makundi haya hayakupendana daima. Waafrika wa Bombay walijiona bora kuliko mateka kwa elimu, na Wazungu nao walijiona bora kuliko Waafrika wa Bombay kwa rangi. Wala maisha ya mtaa hayakuwa mepesi. Malalamiko juu ya viboko na vifungo vilivyotolewa kituoni yalifika kwa balozi wa Uingereza Unguja. Uchunguzi ukafanywa, msimamizi akaondolewa, na Price akarejeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 kutengeneza mambo. Uhuru uliotolewa hapo, kwa hiyo, ulikuwa uhuru wenye kengele, wenye saa za kazi na wenye adhabu. Mwenye ardhi alikuwa misheni. Mtu alipewa kiwanja na shamba la kulima, lakini hakupewa mamlaka juu ya mahali alipoishi.

Polepole majina yale matatu yakafunikwa na jina la nne: Wamisheni. Jina hilo liliwatenga na Waislamu wa mjini kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili likawatenga na Mijikenda waliowazunguka. Lakini lilikuwa na faida moja. Mateka ni neno la tukio lililopita. Mmisheni ni neno la mahali na la ujirani. Mtoto aliyezaliwa Kisauni hakutekwa na mtu.

Lugha ya nyumbani

Hapa twafikia swali ambalo wanalugha wanalipa uzito mkubwa zaidi. Watu hawa walizungumza nini?

Lugha zao za asili hazikuwa siri. Rebmann alipokuwa Rabai alikusanya msamiati wa Kinyasa kutoka kwa mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini, na kamusi ya lugha hiyo ilichapishwa mwaka 1877. Hivyo basi, mojawapo ya kamusi za mwanzo za lugha ya Ziwa Nyasa ilitungwa karibu na Mombasa, kwa kinywa cha mtu aliyetekwa. Lugha ya Salimini iliingia kitabuni. Katika nyumba za Frere Town njia yake ilikuwa nyingine.

Tuwaze hali ya nyumba yenyewe. Watu wazima waliokuja bila jamaa waliozwa wao kwa wao. Myao aliweza kuoa Mmakua, na Mnyasa akamwoa mwanamke ambaye nchi yake hakupata kuisikia. Myao husema mundu, Mnyasa munthu, Mmakua mutthu. Mswahili husema mtu. Maneno haya ni ndugu, na sikio lililozoea moja halikosi kuyatambua mengine. Ulinganifu huo wa lugha za Kibantu, katika ngeli na katika viambishi vya vitenzi, uliwarahisishia watu hawa njia ya kukifikia Kiswahili. Isitoshe, wengi wao walikwisha kukisikia njiani, katika misafara na majahazini, kutoka vinywani mwa waliowateka. Lugha ya kwanza iliyowatia hofu ndiyo iliyokuja kuwaunganisha.

Shule na kanisa vilitia nguvu jambo hilo, lakini tusikosee tukadhani kwamba vilileta jambo lenyewe. Shule yaweza kumfundisha mtoto kusoma. Haiwezi kumwamuru mama alale akimbembeleza mwanawe kwa lugha fulani. Uamuzi huo ulifanywa nyumbani, na wazazi ambao hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Wao walikisema Kiswahili kwa lafudhi za kusini. Watoto wao wakakisema kama lugha yao ya kwanza. Kiswahili kilichowazunguka kilikuwa Kimvita, lugha ya mji ule ule uliowadharau. Wamisionari wa CMS nao walikifanyia kazi Kimvita kwa bidii. Kamusi ya Krapf ilitoka mwaka 1882, na Harry Kerr Binns, aliyeishi Frere Town kwa miaka mingi, aliipanga upya na kuitoa tena mwaka 1925. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa yenyewe ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikaachwa nje ya mlango wake.

Katika mjadala wa siku nyingi juu ya swali la Mswahili ni nani, vigezo vinavyotolewa aghalabu ni vitatu: asili ya ukoo, dini ya Kiislamu, na utamaduni wa mijini. Mjini Mombasa, mtu alijulikana kwa kuhesabiwa katika mojawapo ya Mataifa Kumi na Mawili. Kwa vigezo hivyo, mtu wa Frere Town hakuwa Mswahili. Hakuwa na taifa mjini, alikuwa Mkristo, na babu yake alishuka katika jahazi kama bidhaa. Hata hivyo, mtoto wake hakuwa na lugha nyingine ya kuotea ndoto. Hatudai hapa kwamba aitwe Mswahili. Watu wana haki ya kujitaja wenyewe, na wazee wa mji wana sababu zao za kuulinda ukoo wao. Tunadai tu kwamba historia ya wasemaji wa Kiswahili ni pana kuliko historia ya Waswahili, na kwamba jamii hii ni ushahidi wa mapema wa jambo ambalo baadaye lilienea katika miji mingi ya Afrika Mashariki, yaani watoto wa wazazi wa makabila mbalimbali kukua na Kiswahili kama lugha ya mama.

Uhuru wa Watumwa

Jamii nyingi za namna hii hazikuacha maandishi. Frere Town iliacha kitabu. Mwaka 1934 James Juma Mbotela alichapisha Uhuru wa Watumwa, masimulizi ya kutekwa kwa babake huko kusini, safari ya kuletwa pwani, kuokolewa baharini na maisha ya makazi mapya. Ni mojawapo ya vitabu vya kwanza vya nathari vilivyoandikwa na Mwafrika katika Kiswahili baada ya juhudi za usanifishaji kuanza.

Wahakiki wamekilaumu kitabu hicho, na lawama zao zina msingi. Mwandishi anawasifu Waingereza bila kiasi, na kuwachora Waarabu kwa rangi moja tu. Msomaji hapati kujua kwamba waliokomesha biashara hiyo ndio waliokuja kuitawala nchi, wala hakutani na kilio cha waliochapwa viboko katika makazi yenyewe. Yote hayo ni kweli. Lakini mhakiki anayekomea hapo anakisoma kitabu kwa upande wa jina la pili, upande wa Frere. Tukikisoma kwa upande wa kengele, twaona jambo jingine. Twamwona mtu ambaye babake aliitwa mateka akiyaandika masaibu ya babake kwa Kiswahili, kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili, pasipo kuomba ruhusa ya mtu. Aidha twaona kwamba katika mtaa wa akina Jones na David, jina la ukoo aliloandika juu ya jalada ni Mbotela, jina lililotoka nyumbani kwa wazee wake. Lugha ya wazee ilikufa. Jina lao lilisafiri ndani ya lugha mpya.

Safari ya neno uungwana

Kamusi za zamani zinaeleza kwamba muungwana ni mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Lilikuwa neno la daraja, na kinyume chake kilijulikana na kila mtu. Hata hivyo, katika karne ya 19 neno hilo lilianza kutembea. Wapagazi wa misafara iliyotoka pwani, miongoni mwao watumwa, walijiita waungwana walipofika bara, ili wajipambanue na watu wa huko. Kutokana na matumizi hayo Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaja kuitwa Kingwana. Yaani neno lililokusudiwa kumfungia mtumwa mlango lilichukuliwa na mtumwa mwenyewe akalivaa.

Katika Kiswahili cha leo muungwana ni mtu mwenye adabu na utu, awe nani awe wa nani. Maana ya nasaba imefifia na maana ya mwenendo imetamalaki. Badiliko hilo halikuletwa na kamati. Lililetwa na wasemaji, na miongoni mwao walikuwamo wale ambao maana ya kale iliwabagua.

Tunao mfano mmoja unaotosha. Kuanzia mwaka 1966, wasikilizaji wa redio ya taifa nchini Kenya walizoea kipindi kilichoitwa Je, Huu ni Ungwana? Mtangazaji wake alipeleleza tabia za watu barabarani, ofisini na majumbani, kisha akawauliza wasikilizaji swali hilo. Kipindi kiliendelea kwa miongo mingi, na nchi nzima ikalizoea swali lake. Mtangazaji huyo, aliyefariki Februari 2025, aliitwa Leonard Mambo Mbotela. Alikuwa mzawa wa ukoo ule ule wa Frere Town. Jamii ambayo hapo kale isingeruhusiwa kujiita ya kiungwana ilimtoa mtu aliyewapima Wakenya wote, wakubwa kwa wadogo, kwa kipimo cha uungwana, naye hakuna aliyemwuliza amelipata wapi neno hilo.

Tamati

Mtaa wenyewe umebadilika sana. Chuo cha theolojia kilihamishiwa Limuru mwaka 1930. Mwaka 1931 daraja la kuelea liliunganisha kisiwa na Nyali, na daraja la sasa likafunguliwa mwaka 1980. Mahali palipokuwa makazi ya kando pamemezwa na jiji. Wajukuu wa mateka wametawanyika katika kazi na miji mbalimbali, na anayepita Kengeleni leo ana haraka ya kuwahi sokoni Kongowea kuliko ya kuuliza kengele ililia kwa nini.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo ni kali, nasi hatuna haja ya kuikanusha. Lakini inamhukumu aliyeacha, na watu wa Frere Town hawakuacha kitu. Walinyang'anywa. Mila, lugha, jina la kijiji na kaburi la babu vilibaki nyuma ya safari wasiyoichagua. Kwao methali ilienda kinyumenyume: utumwa ndio uliotangulia, na mila ikawabidi waijenge baada yake, nyumba kwa nyumba, kwa lugha waliyoikuta. Mwanahistoria atakayeandika habari za Kiswahili bila nyumba hizo atakuwa ameandika habari za lugha na kuwasahau baadhi ya waliozaliwa ndani yake.